Mkono wa Bunge Unaishia Wapi? Visiwa vya Faroe, Greenland na Uwajibikaji Usiovuka Bahari

Kila tarehe 29 Julai, siku ya sikukuu ya Ólavsøka, wajumbe wa Løgting, yaani Bunge la Visiwa vya Faroe, hutoka kanisani kwa maandamano na kuelekea kwenye jengo dogo la mbao katikati ya mji wa Tórshavn ili kuufungua mwaka mpya wa Bunge. Kiongozi wa serikali, ambaye cheo chake ni løgmaður, huhutubia juu ya hali ya nchi. Mgeni anayeitazama sherehe hiyo huambiwa, kwa fahari isiyofichwa, kwamba Bunge hilo ni miongoni mwa mabunge ya kale zaidi duniani, na kwamba watu wa visiwa hivyo walikuwa wakikutana kwenye rasi ya miamba ya Tinganes kuamua mambo yao tangu zama za Waviking.

Fahari hiyo ina msingi, lakini inaficha jambo. Baraza kukutana ni kitu kimoja. Baraza kuwa na uwezo wa kumwita mwenye madaraka, kumtaka hesabu na kumwondoa ni kitu kingine. Løgting lilifutwa kabisa mwaka 1816, visiwa vikafanywa mkoa wa kawaida wa Denmark. Liliporudishwa mwaka 1852 lilikuwa chombo cha ushauri tu. Lilipewa mamlaka ya kutunga sheria mwaka 1948. Na sheria iliyolipa zana kamili za kuisimamia serikali yake lenyewe ni ya mwaka 1994, yaani wakati baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walikuwa tayari shule ya msingi.

Kwa nini 1994? Jibu limo katika tukio moja la kibenki la mwaka 1993, ambalo huku kwetu halisomwi. Ninalisimulia kwa kirefu kwa sababu linaonyesha tatizo ambalo vitabu vya sheria ya katiba hulipita haraka: Bunge la nchi yenye mamlaka ya ndani linaweza kumbana waziri wake mpaka akajiuzulu, na bado likashindwa kumfikia mtu aliyefanya uamuzi.

Kwanza historia kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Denmark ilipovamiwa na Ujerumani mwezi Aprili 1940, Uingereza iliikalia Faroe. Kwa miaka mitano visiwa viliishi bila Copenhagen, vikauza samaki Uingereza, vikapeperusha bendera yao. Vita vilipokwisha ikawa vigumu kurudi kuwa mkoa. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 14 Septemba 1946, na waliotaka kujitenga waliwazidi wenzao kwa kura 161 tu: 5,660 dhidi ya 5,499. Mfalme wa Denmark alilivunja Bunge siku chache baadaye, uchaguzi mpya ukawapa ushindi waliotaka kubaki, na mwafaka uliopatikana ukawa Sheria ya Utawala wa Ndani ya mwaka 1948.

Sheria hiyo iliyagawa mambo ya utawala katika orodha. Mengine Faroe ingeweza kuyachukua mara moja ikitaka, mengine baada ya mazungumzo, na mengine, kama ulinzi, sarafu na mambo ya nje, yalibaki Copenhagen. Ilieleza kwa uangalifu mkubwa nani atatunga sheria juu ya nini. Lakini swali la nani atamwajibisha nani, na kwa utaratibu upi, lilibaki pembeni. Watu waliotoka kugombania uhuru kwa tofauti ya kura 161 walikuwa wakipima mamlaka kama wapimavyo shamba la urithi: hapa pangu, pale pako. Jinsi ya kumkagua atakayelilima ilionekana kuwa jambo la baadaye.

Baadaye hiyo ilikuja na samaki. Faroe huishi kwa samaki, na mwaka 1977 ilipojipatia eneo la uvuvi la maili 200 za baharini, utajiri ulionekana kuwa hauna mwisho. Meli mpya zilinunuliwa kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali. Viwanda vya kuchakata samaki vilijengwa karibu katika kila ghuba yenye watu wa kutosha kujaza zamu moja. Barabara, bandari na mahandaki ya kupenya milima vikafuata. Bei ya samaki ghafi ilipungua, serikali ikafidia. Gharama ya mafuta ilipopanda, serikali ikafidia. Kwa upande mwingine, Denmark ilichangia huduma za jamii, na kuanzia mwaka 1988 michango hiyo ilikusanywa kuwa ruzuku moja ya jumla ambayo Faroe iliweza kuitumia kwa kadiri ilivyoona inafaa.

Katika mazingira hayo mjumbe wa Løgting alikuwa na kazi gani? Kwa haki kabisa tunaweza kusema alikuwa wakili wa ghuba yake. Alihukumiwa na wapiga kura wake kwa kiwanda alicholeta, dhamana ya mkopo aliyoipigania, handaki lililofungua kijiji chao. Mjumbe wa namna hiyo hamuulizi waziri wa fedha maswali makali, maana kesho atamhitaji. Serikali nayo ilikuwa ya pamoja: maamuzi yalikuwa ya baraza zima, hivyo ikawa vigumu kumnyooshea mjumbe mmoja wa serikali kidole na kumwambia, hili ni lako. Sitaki kusema walikuwa wala rushwa, na hilo silo lililowaangusha. Kila mtu alikuwa akifanya kazi aliyotumwa, na kazi ya kukagua haikuwa imetumwa kwa mtu yeyote mwenye nguvu ya kuifanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 samaki walipungua, meli zilizonunuliwa kwa mkopo zikakosa cha kuvua, na wakopaji wakashindwa kulipa. Tarehe 6 Oktoba 1992, Sjóvinnubankin, moja ya benki mbili kubwa za visiwa, ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Serikali ya Faroe haikuwa na fedha za kuiokoa. Ikaomba Copenhagen. Denmark ilikubali kukopesha, kwa masharti, na mfuko maalumu ukaundwa kuziokoa benki. Ieleweke vizuri kwamba huo ulikuwa mkopo: hazina ya Faroe ndiyo ingeulipa.

Benki ya pili, Føroya Banki, ilikuwa ikimilikiwa kwa sehemu kubwa na Den Danske Bank, benki kubwa ya Denmark. Mwezi Machi 1993 ulifanyika ubadilishanaji wa hisa ambao matokeo yake yalikuwa kwamba Den Danske Bank ilijivua umiliki wa Føroya Banki, na umiliki huo ukahamia kwenye ule mfuko wa umma. Løgmaður wakati huo alikuwa Marita Petersen, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, ambaye alikuwa ameingia madarakani miezi miwili tu iliyopita, huku serikali yake ikihitaji fedha kulipa mishahara na madeni. Serikali mpya ya Denmark, chini ya Poul Nyrup Rasmussen, nayo ilikuwa na miezi miwili. Makubaliano yakatiwa saini.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya kubainika kwamba Føroya Banki ilikuwa na hasara kubwa kuliko walivyoaminishwa Wafaroe. Mfuko ukalazimika kumwaga mtaji mwingine, na deni likaongezeka juu ya deni. Hasara ambayo ingewaangukia wanahisa wa benki ya kibiashara ya Denmark ilikuwa imehamia kwa wavuvi na walimu wa visiwa. Ukosefu wa ajira ulimfikia mtu mmoja kati ya watano. Watu waliuza nyumba, au waliziacha bila kuziuza, wakahamia Denmark. Visiwa vilivyokuwa na watu karibu 48,000 mwaka 1989 vilibaki na chini ya 44,000 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Kila mtu kumi na mmoja walipohesabiwa, mmoja alikuwa ameondoka.

Sasa tujiulize kama wanafunzi wa uwajibikaji: nani alipaswa kujibu?

Løgting liliweza kuiuliza serikali yake kwa nini ilitia saini bila kuzikagua hesabu za benki. Serikali ilijibu, kwa ukweli wa kiasi fulani, kwamba benki zilikuwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya fedha ya Denmark, ndiyo yenye wakaguzi na ndiyo yenye taarifa. Kumwita mkuu wa mamlaka hiyo mbele ya kamati ya Løgting haikuwezekana, kwa kuwa alikuwa akiwajibika kwa waziri wa Denmark. Kumwita waziri wa Denmark haikuwezekana, kwa kuwa waziri huyo alikuwa akiwajibika kwa Folketing, Bunge la Denmark. Na Folketing? Lina wajumbe 179, wawili tu kati yao wakichaguliwa na Faroe. Serikali ya Copenhagen ilisema makubaliano yalikuwa ya Wafaroe wenyewe, wenye utawala wao wa ndani, waliotia saini kwa hiari. Kwa maneno mengine, utawala wa ndani ulikuwa umegeuka pazia. Kila aliyeulizwa aliweza kuonyesha ng’ambo ya maji.

Wafaroe walidai uchunguzi huru kwa miaka miwili mfululizo. Ulipopatikana, mwaka 1995, ulikuwa ni tume iliyoundwa chini ya sheria za Denmark, kwa uamuzi wa kisiasa wa Denmark, kwa sababu chombo kingine chenye nguvu ya kuwahoji maofisa wa Copenhagen hakikuwapo. Ripoti ilitoka mwezi Januari 1998. Iliukosoa mwenendo wa mamlaka za Denmark na wa benki, na upande wa Faroe haukusalimika pia. Mwezi Juni mwaka huo ulipatikana mwafaka: Den Danske Bank ilitoa fedha, na deni la Faroe kwa dola ya Denmark likapunguzwa. Waziri wa Denmark aliyepoteza kiti chake kwa ajili ya jambo hili hayupo. Aliyelipia kisiasa ni uhusiano wenyewe: katika uchaguzi wa Løgting wa tarehe 30 Aprili 1998, chama cha Tjóðveldisflokkurin, kinachotaka visiwa vijitenge, kilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, na serikali iliyoundwa chini ya Anfinn Kallsberg iliingia na ajenda ya uhuru.

Wakati Copenhagen ikibishana juu ya tume, Tórshavn ilikuwa imeanza kurekebisha nyumba yake. Tarehe 26 Julai 1994 Løgting lilipitisha sheria ya mfumo wa utawala wa Faroe, ambayo kwa mtazamo wangu ni moja ya maandiko ya kikatiba yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa nchi ndogo. Serikali ya pamoja ilivunjwa ikawa serikali ya mawaziri: kila waziri na eneo lake, kila eneo na mtu wa kujibu. Hoja ya kutokuwa na imani iliwekwa wazi, kwa løgmaður na kwa waziri mmoja mmoja. Mjumbe anayeteuliwa kuwa waziri anakiacha kiti chake kwa mjumbe wa akiba, ili asipige kura ya kujisimamia mwenyewe. Na ikaundwa kamati ndogo ya kudumu, landsstýrismálanevnd, yenye wajumbe watatu tu, ambayo kazi yake ni kuchunguza kama mawaziri wanatenda kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2001 ikaongezwa ofisi ya mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, chini ya Bunge.

Wajumbe watatu! Mtu aliyezoea kamati zetu zenye wajumbe ishirini na posho za vikao ishirini atacheka. Lakini uchache huo una hesabu yake. Katika kamati ya watu ishirini, mjumbe asiyesoma taarifa hujificha nyuma ya waliosoma. Katika kamati ya watu watatu hapana pa kujificha. Zaidi ya hapo, kamati hiyo haiulizi kama sera ya waziri ni nzuri. Inauliza kama alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya alichofanya, na kama alilieleza Bunge ukweli. Swali finyu la namna hiyo ni gumu kulikwepa kwa hotuba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo yaliyozoeleka kuhusu nchi ndogo. Husemwa kwamba usimamizi wa Bunge hauwezi kustawi mahali ambapo watu wote wanafahamiana, ambapo mkaguzi amesoma darasa moja na mkaguliwa na mke wa waziri ni shangazi wa mwenyekiti wa kamati. Hoja hii ina sura ya busara, na huwafaa sana wakaguliwa. Greenland inaikanusha.

Greenland ilipata utawala wa ndani tarehe 1 Mei 1979, na baada ya kura ya maoni ya mwezi Novemba 2008, ambapo zaidi ya asilimia 75 walikubali, ikapata mamlaka mapana zaidi ya kujitawala tarehe 21 Juni 2009. Ina watu wapatao 56,000 waliotawanyika pwani ya kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, na Bunge, Inatsisartut, lenye viti 31. Kila mtu anamjua kila mtu, au anamjua binamu yake. Hata hivyo, mwezi Januari 2003 muungano wa vyama vilivyokuwa vikitawala ulivunjika, majuma machache tu baada ya kuundwa, kufuatia mtafaruku uliomhusu mtendaji mkuu wa serikali, Jens Lyberth, aliyekuwa amemwita mganga kuja kufukuza pepo wabaya katika ofisi za serikali. (Wasomaji wa huku watanisamehe nikisema kwamba katika nchi kadhaa ninazozifahamu mganga angelipwa kimya kimya na kikao kikaendelea.)

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka 2014. Kiongozi wa serikali alikuwa Aleqa Hammond wa chama cha Siumut, mwanamke wa kwanza kuiongoza Greenland, aliyeingia kwa ushindi mkubwa mwaka 2013. Kamati ya ukaguzi ya Bunge iligundua kwamba hazina ya umma ilikuwa imelipia tiketi za ndege na hoteli zake binafsi na za familia yake, jumla ikiwa zaidi ya kroner 100,000. Fedha zilirejeshwa. Katika nchi nyingi habari ingeishia hapo: zimerejeshwa, tusonge mbele. Kamati ilishikilia kwamba hoja ilikuwa ni matumizi yenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 2014 Hammond aliacha uongozi, uchaguzi wa mapema ukafanyika tarehe 28 Novemba, na Kim Kielsen wa chama hicho hicho akaunda serikali. Miaka miwili baadaye, Hammond akiwa mjumbe wa Folketing, chama chake kilimfukuza kwa kutumia kadi ya malipo ya Bunge kwa mambo yake binafsi.

Kiasi kile, kikilinganishwa na bajeti ya Greenland, ni punje. Lakini kilikuwa kiasi ambacho kamati ingeweza kukifuatilia kutoka mwanzo hadi mwisho: risiti iko Nuuk, aliyeidhinisha yuko Nuuk, mwenyekiti wa kamati yuko Nuuk. Kufahamiana hakukuizuia kamati. Nadhani hata kuliisaidia, kwa kuwa katika mji mdogo kama huo habari ya tiketi ya ndege haikai muda mrefu kwenye faili.

Kanada ilichagua njia tofauti, na nitaigusa kwa ufupi tu. Nunavut, eneo la Wainuit lililoanzishwa tarehe 1 Aprili 1999, halina vyama katika Bunge lake. Wajumbe wenyewe humchagua kiongozi wa serikali na wenyewe humwondoa, kama walivyomwondoa Paul Quassa tarehe 14 Juni 2018 kwa kura 16 dhidi ya 3, baada ya miezi saba tu madarakani. Mkaguzi wao ni Mkaguzi Mkuu wa Kanada, lakini taarifa yake juu ya Nunavut huipeleka kwenye Bunge la Nunavut, na kamati ya huko ndiyo huwahoji watendaji. Utaalamu umeazimwa Ottawa; kiti cha kuuliza kimebaki Iqaluit. Jambo hilo lingewafaa sana Wafaroe mwaka 1993.

Tatizo linabaki pale ambapo uamuzi haukufanywa nyumbani. Katika hili Greenland ina jeraha la zamani kuliko la Faroe. Mwezi Novemba 1957 Wamarekani waliiuliza serikali ya Denmark kama ingependa kuarifiwa iwapo silaha za nyuklia zingewekwa Greenland. Waziri Mkuu H. C. Hansen alijibu kwa karatasi isiyo rasmi kwamba hakuona jambo la kulitolea maoni. Sera iliyotangazwa ilikuwa kwamba Denmark hairuhusu silaha hizo katika ardhi yake wakati wa amani. Ukimya wa Hansen ulichukuliwa kuwa ruhusa, na silaha zikawekwa katika kituo cha Thule. Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya B-52 yenye mabomu manne ya haidrojeni ilianguka kwenye barafu karibu na kituo hicho. Karatasi ya Hansen ilijulikana hadharani mwaka 1995, miaka 38 baada ya kuandikwa na miaka 35 baada ya Hansen mwenyewe kufariki. Uchunguzi ulifanywa na taasisi ya utafiti ya Denmark, na ripoti ikatoka mwaka 1997. Bunge la Nuuk liliisoma ripoti kama walivyoisoma raia wengine.

Msomaji wa Unguja au Pemba, bila shaka, amekwisha kuanza kulinganisha kimoyomoyo. Ninamwomba tahadhari. Zanzibar iliingia katika Muungano wa mwaka 1964 ikiwa dola, na Faroe na Greenland hazikupata kuulizwa kama dola zilipowekwa chini ya Copenhagen. Linalofanana ni swali la mpaka wa taasisi. Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, lina kamati yake ya hesabu, na Zanzibar ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wake wa Hesabu; lakini mambo ya Muungano, yakiwemo ya sarafu na benki kuu, hujibiwa katika Bunge lililoko Dodoma. Mtumishi wa umma anayetaka kujua uwajibikaji wa jambo fulani unaishia wapi, aanze kwa kuuliza faili lake linalala wapi.

Kuhusu fedha, lipo jambo moja ambalo Wafaroe walilitambua na ambalo Wagreenland bado wanalijadili. Ruzuku kubwa ya Denmark humfanya mwananchi awe mpole kwa serikali yake. Mtu hukasirika kodi yake ikichezewa. Fedha zitokazo ng’ambo huonekana kama mvua, na hakuna anayeidai mvua hesabu. Ruzuku ya Greenland iliwekwa mwaka 2009 kwa kiwango cha takriban kroner bilioni 3.4 kwa mwaka, ikipandishwa kulingana na bei na mishahara, na imekuwa ikigharimia karibu nusu ya matumizi ya serikali. Faroe, baada ya mazungumzo ya uhuru na Copenhagen kuvunjika mwaka 2000, ilikubali kuanzia mwaka 2002 ruzuku yake ipunguzwe kutoka karibu kroner bilioni moja hadi takriban milioni 615. Waliokubali hilo walisema walikuwa wakinunua heshima. Mimi naona walikuwa wakinunua pia kitu kingine, pengine bila kukitaja: haki ya mlipakodi wa Klaksvík kumuuliza waziri wake, fedha zangu umezipeleka wapi?

Lakini hesabu za benki hazikuhamishwa. Usimamizi wa mabenki ya Faroe ulibaki kwa mamlaka ya fedha ya Denmark hata baada ya yote yaliyotokea, kwa kuwa visiwa vyenye watu 50,000 havikuona kama vingeweza kugharimia wakaguzi wa kutosha. Føroya Banki yenyewe ilipona, na mwaka 2007 hisa zake nyingi ziliuzwa kwa umma. Mwaka 2010 benki nyingine ya visiwani, Eik Banki, ilizidiwa na hasara, nyingi zikitokana na mikopo ya majengo nchini Denmark. Safari hii Løgting lilikuwa na mawaziri wenye maeneo yao, kamati yake ya watu watatu na mchunguzi wake wa malalamiko. Benki ilichukuliwa na kampuni ya dola ya Denmark iliyoundwa kushughulikia mabenki yaliyofilisika, na wakaguzi waliokuwa wamezipitia hesabu zake walikuwa, kama mwaka 1993, wakitoa taarifa kwa waziri wa Copenhagen.